Bastola Iliyooshwa Butiama

Vijana wa ghala mmenitumia ujumbe mkiniomba niwaandikie namna ya kutambua na kuthamini bastola za kale za kijeshi, kabla sijasahau. Nawashukuru kwa kunikumbuka, maana wastaafu wengi hukumbukwa siku ya kuagwa tu na ile keki. Ila nawaonya mapema kwamba mmemwomba mtu aliyechanganyikiwa. Nilianza kazi hii nikiwa sielewi kitu, nikaendelea nikielewa nusu, na nimeondoka nina maswali mengi kuliko siku niliyoingia. Habari za vyeo, semina na posho waulizeni wengine. Mimi hapo kumbukumbu yangu ni fupi na haina utamu.

Kwa mgeni atakayesoma haya, nieleze kidogo. Katika nyumba za mkoa huu wa Mara kuna silaha zilizokaa juu ya dari na ndani ya masanduku tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza. Nyingine ziliachwa na maofisa, nyingine zililetwa na babu zetu waliopelekwa kwenye vita visivyowahusu. Fungu langu lilikuwa bastola za silinda, zile ambazo risasi zinakaa kwenye kigogo kidogo kinachozunguka. Polisi wakiipata moja, au familia ikijitokeza yenyewe, naitwa mimi. Naitazama, naipima, nasema ni ya jeshi gani, ya zama zipi, na ni adimu kiasi gani. Ikiwa ya kale na ina alama zake, inaingia ghalani kwetu Musoma kama urithi wa taifa. Ikiwa haina alama, inarudi polisi, inangoja siku ya kuchomwa moto pamoja na magobore na takataka nyingine. Jibu la tatu halikuwepo, na hilo ndilo lililonitesa.

Siku ya kwanza nilitokea kwetu Suguti nimevaa viatu vya kuazima, nikijua naenda kutunza vyungu na vikapu, maana ndivyo nilivyosomea. Mkuu wa ghala akaniambia upande wa vyungu umejaa. Akafungua mlango wa chumba kisicho na dirisha, akanikabidhi kwa mzee mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo alikuwa Mzee Masatu, fundi silaha aliyestaafu jeshini na kuajiriwa upya kwa sababu hakukuwa na mwingine. Juu ya meza palikuwa na bastola moja kubwa nyeusi. Mimi nilikuwa sijawahi kuona bastola nje ya picha.

"Kaa. Usiishike," akasema. "Unaona nini?"

"Naona bastola, Mzee."

"Imejaa au iko tupu?"

"Sijui."

"Basi imejaa. Ukiwa hujui, imejaa. Hata mimi nikikwambia iko tupu, wewe jua imejaa mpaka uone kwa macho yako." Halafu akanitazama juu ya miwani. "Imekuja na nani?"

Niligeuka kutazama mlangoni, nikidhani kuna mtu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nilikaa miezi sijaelewa kwa nini fundi wa vyuma anaanza kwa kuuliza habari za watu. Kila bastola iliyoletwa aliuliza hivyo hivyo, na mimi kila mara nilijibu kwa kusoma alama za kwenye chuma, naye kila mara alinitazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Vifaa vyetu mtavicheka. Palikuwa na lenzi moja iliyomeguka pembeni, kipimo cha chuma cha kupimia mdomo wa mtutu, mswaki uliochakaa, mafuta ya cherehani na chaki ya shule. Chaki ndiyo ilikuwa silaha yetu kubwa. Unaipaka juu ya chuma pale unapohisi pana alama, unafuta kwa kitambaa laini, na kama pana namba au taji au herufi, unga mweupe unabaki kwenye mikwaruzo na alama inasomeka. Mafuta ni tone moja tu, la kulegeza silinda isiyozunguka. Kuhusu kusugua, Mzee Masatu hakuwa na mzaha. Kutu ya kale ina rangi yake na inakaa mahali pake, na anayesugua bastola ya kale anaifutia cheti cha kuzaliwa. Nimewahi kumwona anamkatalia chai mgeni mkubwa tu kwa sababu alikuwa amekuja na bastola inayong'aa.

Miaka ikaenda. Nilizunguka mkoa kwa magari ya serikali na kwa pikipiki, mpaka akina mama wa dagaa pale Mwigobero wakaniita Mama Bastola, jina ambalo halimsaidii mtu kwenye vikao vya harusi. Kwa mmoja wao nilikuta bastola ya ofisa imegeuka donge la kutu, anaitumia kukandamizia turubai la dagaa upepo usilipeperushe. Nilipomuuliza kama anajua ni kitu gani, akasema ni pampu ya karabai. Bunda kulikuwa na dalali mmoja aliyenifuata karibu kila nilipofika, akininong'oneza kama bastola za Mjerumani zina zebaki ndani, ile inayosemwa inauzwa mamilioni. Nilimwambia hazina. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia anaelewa kwamba nimekatazwa kusema. Mtu mwingine wa Buhare alileta bastola aliyoapa ni ya Mjerumani, na mtutu wake ulikuwa bomba la baiskeli. Hizo zilikuwa kesi nyepesi. Mtu anacheka, anaandika, analala.

Sasa nije kwenye ile ya Butiama, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara nami nakwepa.

Ulikuwa wakati wa msamaha. Aliyesalimisha silaha kwa hiari hakushtakiwa, isipokuwa silaha iliyofutwa namba. Hiyo msamaha haukuigusa, kwa sababu anayefuta namba kwa kawaida anaficha alikoitoa au alichoifanyia. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Butiama akatuletea habari kwamba kuna bibi, mjane, anataka kusalimisha bastola ya baba yake. Nilikwenda na Inspekta Marwa wa polisi, mtu wa Tarime, mcheshi sana njiani na mkavu kabisa akishavaa kofia.

Bibi Wakuru alitupokea vizuri. Alikuwa mwembamba, mrefu, rozari shingoni, na ng'ombe wake wawili walikuwa wamefungwa karibu na mlango. Mwanaye Magesa, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa fundi baiskeli pale senta na alikaa pembeni akisikiliza. Bibi akatuambia baba yake alichukuliwa na Mwingereza kwenda vita vya Burma na hakurudi. Kilichorudi ni bastola. Nilipoomba kuiona, akakataa kwa upole.

"Leo hapana, mwanangu. Haijawa tayari. Mje wiki ijayo."

"Bibi, sisi tunaichukua hivyo hivyo ilivyo," nikamwambia. "Hata ikiwa chafu."

"Nyie mnaichukuaga chafu?" akauliza, na uso wake ukaonyesha kwamba nimesema jambo la aibu.

Sikulitilia maanani. Wiki iliyofuata tulirudi, naye akatoka ndani amebeba mikononi kitu kilichofungwa kwa kitambaa kipya cheupe. Alikikabidhi kwangu, si kwa Inspekta, na hakukiachia mara moja. Nilikiweka juu ya meza ya nje nikafungua.

Bastola ilikuwa inang'aa kama sufuria ya sikukuu. Hapakuwa na kutu hata chembe. Mdomo wa mtutu ulikuwa umezibwa kwa pamba, na kila chumba cha risasi nacho kilikuwa na pamba yake. Nilitoa chaki nikapaka pale namba inapopaswa kuwa, nikafuta, na chaki yote ikatoka. Nikapaka upande wa pili, nako hivyo hivyo. Bastola nyingi za jeshi huwa na namba nyingine imefichwa chini ya mbao za mpini, kwa hiyo nikachukua bisibisi nikafungua. Skrubu ilikuwa na mikwaruzo mipya. Chini ya mbao chuma kilikuwa cheupe, kimesuguliwa mpaka pembeni.

Inspekta Marwa akavaa kofia yake.

"Mama," akaniambia taratibu, "hii kazi imefanywa na mtu anayejua. Namba ya nje kafuta. Ya ndani kafuta. Kaweka pamba unyevu usiingie. Mimi kwenye kozi ndivyo nilifundishwa kutunza bastola inayotumika."

Hata mimi nisingeisoma vinginevyo. Marwa akapekua sanduku la kazi la Magesa. Lilikuwa na msasa, bisibisi na tupa mbili, kama masanduku ya mafundi baiskeli wote duniani. Magesa akasema, "Ndiyo, ni mimi nilisugua. Mama aliniambia nisugue." Sauti ilikuwa ya mtu asiyejua kosa lake liko wapi. Marwa akamwita kijana kwa Kikurya chake, "Mura, panda gari."

Bibi Wakuru hakulia. Alisimama kati yangu na lile gari akaniuliza mimi, si polisi.

"Nimewapa baba yangu. Sasa mnachukua na mwanangu?"

Nilirudi Musoma nimechanganyikiwa kuliko siku ile ya viatu vya kuazima. Kesi ilikuwa inangoja sentensi moja kutoka kwangu, namba zimefutwa kwa kuficha au la. Nikiandika zimefutwa kwa kuficha, Magesa anakwenda jela, na bastola inakwenda motoni. Bibi alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Niliiweka mezani, nikaivutia lenzi, nikaigeuza mpaka shingo ikakakamaa. Mikwaruzo ya msasa ilikuwepo. Je, ya tupa? Pale palipokuwa na namba palionekana kama pana mkwaruzo mpana, halafu nikihamisha taa hauonekani tena. Chuma kilinipa majibu mawili kwa wakati mmoja na yote kwa uso mkavu.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilipopima mdomo wa mtutu na kutazama umbo la mpini, haikuwa bastola ya Mwingereza. Ilifanana zaidi na zile za Kibelgiji, zilizopita upande huu wa ziwa katika vita ile ya kwanza, kabla baba yake Bibi Wakuru hajafika umri wa kuchukuliwa na mtu yeyote. Ilifikaje Burma? Au haikufika? Nikawa sijui nishike lipi niache lipi. Kama hadithi ya Burma ilikuwa na tundu, basi labda na Magesa alikuwa na lake. Kama hadithi ilikuwa ya kweli, basi mimi ndiye sijui kupima. Nililala vibaya, nikala vibaya, na mume wangu akaniuliza kama kuna mgonjwa kwetu.

Nikapanda pikipiki kwenda Suguti kwa Mzee Masatu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu mara ya pili na analima mihogo. Nilimkuta shambani. Sikuwa na ruhusa ya kubeba bastola, kwa hiyo nilimweleza kwa mdomo, chaki, mpini, pamba, Ubelgiji, yote. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipomaliza nikamwuliza, "Mzee, ni msasa au ni tupa?"

"Mimi nitajuaje? Siioni."

"Lakini ungeiona ungejua."

"Nisingejua. Chuma kikishasuguliwa, kimesuguliwa." Akafikiri. "Wenyewe wanasemaje?"

"Magesa anasema mama yake alimwambia asugue."

"Na huyo mama anasemaje?"

Nilikuwa nimemuuliza Bibi Wakuru bastola ni ya nani na ilikaa wapi. Kwa nini ilisuguliwa, hapana, hata sikufikiri. Nilidhani jibu la swali hilo liko mezani kwangu, chini ya lenzi.

"Umetoka Musoma mpaka hapa kuniuliza mimi," Mzee akasema, akarudi kwenye mihogo yake, "na yeye yuko Butiama tu pale."

Nilimwomba Inspekta Marwa twende wote. Alikubali kwa shingo upande, akisema anaenda kwa sababu ya heshima ya umri wangu, maneno ambayo hakuna mwanamke anayeyapenda. Bibi Wakuru alikuwa amekaa nje anachambua mboga. Alitupa viti. Marwa akakaa na kofia yake magotini, na mimi nikauliza moja kwa moja.

"Bibi, kwa nini mliisugua ile bastola?"

Akanitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama ninamtania.

"Tulimuosha," akasema. "Kwani nyie kwenu maiti hamuoshagi?"

Bibi akaweka mboga chini, akatueleza kama mtu anayewaeleza watoto. Baba yake alichukuliwa yeye akiwa bado tumboni. Vita ilipoisha alikuja mwenzake, askari, akiwa na bastola ndani ya blanketi, akamwambia mama yake Bibi, hiki ndicho kilichorudi. Mama yake alikataa kuweka matanga. Alisema mtu hamlilii mtu ambaye hajamwona kalala. Akaipandisha bastola darini juu ya kitanda chake, akangoja mume wake mpaka akafa yeye. Kaburi la baba halikuwepo. Mama alipokufa, kungoja kukarithiwa na binti, pamoja na bastola.

"Sasa serikali mmesema mnazichukua. Nikajiuliza, baba yangu anatoka hii nyumba, anatokaje? Hajaoshwa. Tangu afe hajaoshwa na mtu. Nitamtoa hivyo hivyo, kama mbwa? Nikamteremsha. Nikaanza na dodoki na maji ya moto. Nikaona ana vidonda mwili mzima."

"Vidonda?" Marwa akauliza.

"Kutu," nikamnong'oneza.

"Vidonda havitoki kwa dodoki. Nikamwita Magesa, nikamwambia, msugue babu yako mpaka awe safi. Akaleta msasa. Nikamwambia na huku ndani pia, fungua, mtu haachwi kwapa. Tulifanya kazi hiyo siku nyingi, kidogo kidogo, ndiyo maana niliwaambia haijawa tayari. Akawa safi. Nikamwekea pamba puani na masikioni, nikamvisha sanda."

Nilikuwa nimezitoa zile pamba kwa koleo dogo na kuzitupa kwenye ndoo ya taka, huku moyoni nikimsifu huyo mtunzaji hodari wa silaha. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Inspekta Marwa alikuwa anazungusha kofia yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ulimwanzia upande gani?"

"Wa kulia. Kwani wewe hujawahi kuosha mtu?"

"Nimewahi," akasema. "Nilimuosha baba."

Njia nzima ya kurudi Marwa hakutania. Tulipokaribia Musoma akaniambia niandike nilichosikia, na yeye ataandika alichosikia, halafu wakubwa watutazame wote wawili kama wamepotewa na akili. Ndivyo ilivyokuwa. Niliandika kwamba kwa maoni ya mthamini, namba za silaha hii zimeondoka wakati wa kuoshwa kwa marehemu. Mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaniuliza kama nimeanza kutumia dawa za presha. Nilimjibu sijui namna nyingine ya kuliandika jambo hilo likabaki kweli. Mpaka leo sijui ni kipi kiliwashawishi, maelezo yangu au ya Marwa au uchovu wa wote. Baada ya siku kadhaa Magesa alitoka. Alinishukuru, akaniomba radhi kwa usumbufu, na kama ninyi mnaelewa kwa nini yeye ndiye aliyeomba radhi, niambieni.

Nilidhani yameisha. Bibi Wakuru akaja ofisini Musoma, na Magesa kamshika mkono, kuuliza baba yake amelazwa wapi. Ikabidi nimweleze kile ambacho nilikuwa nimekiruka kichwani. Bastola isiyo na namba wala alama haiingii ghalani, siwezi kuisajili, haina jina. Inarudi polisi kuchomwa.

"Anachomwa moto?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nilimuosha ili achomwe?"

Jamani, nimefanya kazi miaka mingi, nimeulizwa maswali na maprofesa. Hilo hawakuwahi kuniuliza. Niliingia chumba kile kisicho na dirisha nikalia, kisha nikanawa uso, nikamfuata Marwa. Nilimwambia kila kitu kimechanganyika, sheria inasema ni silaha, chaki inasema si kitu, Bibi anasema ni mtu, na mimi siwezi tena kumwambia yupi amekosea. Marwa alikuwa anakula chapati. Akatafuna, akafikiri.

"Kurudi haiwezi kurudi," akasema. "Motoni itaingia. Lakini ikishatoka motoni si silaha. Ni chuma chakavu. Chuma chakavu sijawahi kumkamatia mtu."

Siku ya kuchoma nilikwenda. Kuni zilipangwa, mafuta yakamwagwa, magobore na mabomba ya baiskeli yakawaka pamoja na yule mzee wa Butiama. Nilisimama mpaka moto ulipokufa. Marwa mwenyewe alichokonoa majivu kwa koleo refu, akaipata. Mbao za mpini zilikuwa zimeisha, mtutu umepinda, silinda imegandana haizunguki tena. Mng'ao wote wa msasa ulikuwa umeondoka, kimebaki kipande cheusi. Aliwaonyesha wakubwa, wakakubali kwamba hicho hakimpigi mtu. Nilikifunga kwa kitambaa cheupe nilichonunua mwenyewe, maana kile cha kwanza kilikuwa kimebaki kama kielelezo na kupotea, kama vielelezo vinavyopoteaga.

Butiama tulikuta watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kaburi la mama yake, dogo, lakini lenye kina cha heshima. Katekista alinivuta pembeni kabla ya kuanza. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi, na nilimpenda kwa hilo.

"Mama, nimeambiwa ni maziko. Nimeuliza marehemu yuko wapi, nimeonyeshwa hicho. Sasa nisali nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Nitawaombea waliokufa mbali na kwao. Hiyo haina ubaya popote."

Akasali hiyo. Watu wakaimba kwa Kizanaki, wimbo ambao sikuujua maneno yake. Magesa akashuka kaburini kukiweka kile kifurushi, na alipopanda, akaja kusimama karibu yangu, akaniuliza bila kunitazama.

"Mama, wewe ndiye mtaalamu. Ilikuwa ya babu kweli?"

Nikauona ule mdomo wa mtutu, ile milimita isiyokubali, ule mpini wa Kibelgiji. Nikamwona na yule askari aliyerudi mzima, anakaribia nyumba ya mke wa rafiki yake, mimba aliyoachiwa imekwisha kuwa mtoto, na mikono yake askari haina kitu. Labda aliipata njiani. Labda aliinunua kwa mtu hapa hapa Musoma, apate cha kuleta. Labda nilipima vibaya.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Nimejaribu. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa. "Hata Mama nadhani hajui," akasema. "Lakini ameoga asubuhi akavaa nguo ya msiba."

Bibi Wakuru alikuwa wa kwanza kutupa udongo. Kisha akakaa kwenye mkeka, akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, na wanawake wakakaa kumzunguka. Majirani wakapanga mstari wa kumpa pole, wazee kwa vijana, wengine waliomfahamu tangu akiwa binti na hawakuwahi kupata siku ya kumpa pole hiyo. Marwa alikuwa amevua kofia. Nami nikaingia kwenye mstari, nikiwa sijui kama nimekuja kikazi au kimsiba, mpaka zamu yangu ikafika nikapiga magoti nikamshika mikono yote miwili.

"Pole, Bibi, kwa kufiwa na baba."

"Asante, mwanangu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka hapo. "Sikuwahi kumuona."